Kati ya Kuvikwa na Kuvaa

Waswahili hawamwonei huruma mtu mwenye kuchagua. Wahenga walinena kuwa mchagua nazi hupata koroma, wakaongeza kwamba mchagua jembe si mkulima. Ateuaye mno huhesabiwa kuwa mvivu au mwenye maringo, na mwisho wake huwa ni majuto. Hata hivyo, ni wahenga hao hao waliotuachia kauli kwamba hiari yashinda utumwa, yaani lile alitendalo mtu kwa ridhaa yake hupita lile alilosukumwa kulitenda. Msomaji wa haraka atadhani kuwa methali hizi zinapigana. Ukweli ni kwamba zinagawana kazi. Zile za kwanza humwonya mtu mzima anayeahirisha wajibu wake kwa kisingizio cha kuteua, ilhali hii ya mwisho humkumbusha mlezi na mtawala kwamba utii wa kulazimishwa haudumu. Linalobaki bila jibu ni hili: mtoto wa miaka mitano, asiye mkulima wala mtumwa, yuko upande gani?

Sarufi ya Kiswahili nayo ina lake la kusema. Kitenzi vaa ni cha mtu anayejitendea mwenyewe. Vika, pamoja na visha na valisha, ni vitenzi vya mtu anayemtendea mwingine. Mtoto mchanga huvikwa nepi. Bwana harusi huvikwa pete. Maiti huvikwa sanda. Katika miaka iliyo baina ya nepi na sanda, binadamu anatarajiwa kuvaa. Kuna asubuhi fulani, basi, ambapo mtoto hutoka katika kauli ya kutendwa na kuingia katika kauli ya kutenda, na aghalabu asubuhi hiyo huwa ya siku ya shule, gari likipiga honi langoni na mzazi akitafuta soksi ya pili. Kwa macho ya wengi hili ni suala dogo. Katika miji ya Thika na Ruiru, hata hivyo, limefungamana na mambo mazito: umaskini, aibu, na namna jamii inavyomfunza mtoto kuwa mtu.

Aliyelazimika kulitazama suala hili kutoka pande zote mbili ni mwalimu mmoja wa darasa la PP2 anayefundisha Thika na kuishi Ruiru. Kila alfajiri hupanda matatu katika barabara kuu ya Thika, ile iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, akaelekea kaskazini huku umati wa majirani zake ukielekea Nairobi. Nyumbani ni mama wa mvulana wa miaka mitano. Shuleni ni mlinzi wa sare za watoto thelathini na wawili. Kabla ya jua kuchomoza hujadiliana na mwanawe kuhusu sweta. Saa mbili asubuhi hukagua iwapo watoto wa wenzake wamevaa sweta ya rangi iliyoagizwa.

Ruiru yenyewe ni mji wa watu wanaoanza maisha. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu wakazi 238,858 mjini humo; ile ya mwaka 2019 ikahesabu 490,120, zaidi ya maradufu katika kipindi cha miaka kumi. Mashamba ya kahawa yaliyoupa umaarufu, hata aina ya kahawa iliyozalishwa katika kituo chake cha utafiti ikaitwa Ruiru 11, yamekuwa yakipisha majumba ya kupangisha. Ndani ya majumba hayo wazazi vijana wanalea watoto mbali na mama zao na shangazi zao. Hakuna mkubwa wa kuwaambia jinsi ya kufanya, na hakuna wa kuwaambia wanakosea. Shule za chekechea zimechipuka kila kona kuwapokea watoto hao, na baadhi yazo, ikiwamo ile anayosomea mvulana huyo, hazidai sare kwa watoto wa umri wake. Kila asubuhi, kwa hiyo, swali la vazi huzuka upya.

Mvulana huyo alikuwa na miaka minne alipoanza kutamka maneno ambayo kila mzazi huyajua: "Nitavaa mwenyewe." Mama yake aliifungua kabati, akamwachia uwanja. Mtoto alisimama mbele ya rundo la nguo kama msafiri aliyefika njia panda pasipo kibao. Alivuta hii, akaitupa, akavuta ile, akalia. Mama alitambua upesi kwamba wingi wa nguo haukuwa uhuru, bali ulikuwa mzigo uliomzidi mtoto kimo. Ndipo akabuni utaratibu wake. Jioni, baada ya chakula, huweka juu ya kiti mashati mawili na sweta mbili, zote safi na zote zinazofaa hali ya hewa. Mtoto huteua moja katika kila jozi. Asubuhi hakuna kesi tena, kwa kuwa hukumu ilitolewa usiku na hakimu alikuwa yeye mwenyewe.

Utaratibu huo una mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayoufanya ufae. Mtoto haulizwi kama atavaa nguo au la, wala haulizwi kama nguo ya jana iliyojaa matope inafaa. Anaulizwa lile analoweza kulijibu na ambalo jibu lake litaheshimiwa. Kumwuliza mtoto swali kisha kulipuuza jibu lake ni kumfundisha kwamba maneno yake ni kelele. Mwezi Julai, ukungu unapotanda juu ya Ruiru na manyunyu yakaanguka hadi saa nne, mvulana huyo aliwahi kuteua sweta nyepesi kwa sababu ilikuwa na picha ya simba. Mama yake hakugombana naye. Alitia ile nzito katika mkoba. Mwalimu wa mtoto alieleza baadaye kuwa kabla ya wakati wa uji kijana alikuwa ameifungua mkoba mwenyewe, akaivaa ile nzito juu ya ile ya simba, akaendelea na mchezo. Baridi ilimfunza somo hilo bila kumkaripia.

Wataalamu wa malezi wamelisema jambo hili kwa njia zao. Maria Montessori, daktari Mwitaliano aliyefungua Nyumba ya Watoto ya kwanza mwaka 1907 katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo jijini Roma, alitumia fremu za mbao zilizofungwa vitambaa vyenye vifungo na kamba, ili mtoto ajizoeze kufunga na kufungua bila kungojea mkono wa mtu mzima. Erik Erikson, katika kitabu chake Childhood and Society cha mwaka 1950, alieleza kwamba mtoto mdogo hupitia kipindi cha mvutano baina ya kujitawala na aibu, kisha kipindi kingine baina ya ari ya kuanzisha mambo na hisia ya hatia. Hapa nchini, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 uliweka kujiamini miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Fauka ya hayo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unampa mtoto katika kifungu cha 12 haki ya kutoa maoni yake kuhusu mambo yanayomhusu, na maoni hayo kupewa uzito kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Ni machache yanayomhusu mtoto kwa karibu kuliko kitambaa kinachogusa ngozi yake kutwa nzima.

Mama mkwe wa mwalimu huyo hakushawishika na lolote katika hayo. Anaishi Makongeni, Thika, na mara kwa mara mkaza mwanawe humpitia jioni kabla ya kurudi Ruiru. Jioni moja aliposikia habari za mashati mawili juu ya kiti, bibi huyo aliweka kikombe chake chini.

"Mwanangu," alisema, "sisi tulikuwa watoto saba. Baba alinunua kitambaa mara moja, fundi akatushonea sote kutoka jora moja, tukafanana kama mayai ya kuku mmoja. Nguo mpya ilikuwa ya Krismasi. Nani alituuliza?"

"Hakuna, Mama."

"Na je, hatukuwa watu?"

Mkaza mwana alinyamaza kwa heshima. Bibi aliendelea, safari hii kwa sauti ya chini. "Mtoto akizoea kuulizwa kila asubuhi atavaa ipi, siku nguo itakapokuwa moja atamlaumu nani?"

Swali la bibi halistahili kupuuzwa kama mawazo ya kale. Kizazi chake hakikuwanyima watoto hiari kwa ukatili. Kiliwanyima kwa sababu hakikuwa nayo ya kutoa. Nguo ilirithiwa kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake, pindo likiteremshwa au kupandishwa, hadi ikageuka tambara la kupangusia meza. Katika hali kama hiyo, kumzoeza mtoto kupokea bila kuteua kulikuwa ni kumkinga na maumivu. Methali ya koroma haikutungwa na watu waliokosa mapenzi kwa watoto wao.

Thika inafaa kuwa mahali pa kulitafakari hilo, kwa kuwa nguo ni sehemu ya historia ya mji huo. Kiwanda cha Thika Cloth Mills kimekuwapo tangu mwaka 1958. Viwanda vingine vya nguo vya mjini humo vilizimika baada ya soko la nchi kufunguliwa katika miaka ya 1990 na mitumba kumiminika. Leo mzazi anayetafuta nguo ya mtoto huenda katika soko la Jamhuri, ambako bei hufuata zamu ya kuchagua. Bunda linapofunguliwa, wanaofika kwanza na wenye pesa huchukua zile wachuuzi wanazoziita kamera. Baada yao huja wengine, kisha wengine, hadi kunabaki fagia, yaani masalia yanayouzwa kwa bei ya kuyaondoa tu. Mwenye kununua fagia huchagua pia, lakini huchagua katika yale ambayo wengine wamekwisha kuyakataa. Hivyo basi, kabla mtoto hajaulizwa atavaa nini, soko limekwisha kumjibia nusu ya swali.

Hapa ndipo sare inapopata watetezi wake. Neno lenyewe linaeleza mengi. Timu mbili zisiposhindana kwa mabao tunasema zimetoka sare, na nguo inayowafananisha wanafunzi tunaiita sare. Shule za wamishonari na za serikali ya kikoloni ndizo zilizoleta desturi hiyo nchini, na baada ya uhuru hakuna aliyeiondoa. Wazazi wengi wa kipato cha chini huitetea kwa moyo wote, kwani humpunguzia mtoto wao siku za kulinganishwa na wengine. Lakini sare nayo ina bei. Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi za umma Januari 2003, sare ilibakia mzigo wa mzazi. David Evans na Mũthoni Ngatia walichunguza mpango uliowapa baadhi ya wanafunzi wa shule za msingi magharibi mwa Kenya sare za bure kwa bahati nasibu. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2021, kupewa sare kulipunguza utoro kwa asilimia 37 kwa mwanafunzi wa wastani, na kwa asilimia 55 kwa wale ambao hapo awali hawakuwa na sare kabisa. Miaka minane baadaye, hata hivyo, watafiti hao hawakuona tofauti katika kiwango cha elimu ambacho watoto hao walikuwa wamefikia. Nguo ilimfikisha mtoto darasani. Kumbakiza huko kulihitaji mengine.

Isitoshe, usawa wa sare huonekana vyema zaidi kwa mbali. Anayefundisha darasa la wadogo huiona tofauti kwa karibu: sweta iliyotiwa viraka viwikoni, sketi iliyopauka kwa kufuliwa kila jioni na kuvaliwa kila asubuhi, shati lililonunuliwa kubwa ili lidumu miaka mitatu. Watoto nao huziona. Mtoto wa miaka mitano hajui kusoma vizuri, lakini kiwiko cha mwenzake hukisoma mara moja.

Katika shule hiyo ya Thika, ambayo ni ndogo na ya karo nafuu, kulikuwa na desturi ya kuwaruhusu watoto kuvaa nguo za nyumbani Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi. Nia ilikuwa njema. Watoto wapumzike na sare, wateue wapendacho, wafurahi. Wengi walifurahi kweli. Walikuja na fulana za vibonzo, magauni ya harusi za shangazi zao, viatu vinavyowaka taa kisigino kikikanyaga. Walimu walitabasamu na siku ikapita kwa vifijo.

Ijumaa moja msichana mmoja alifika akiwa amevaa sare kamili. Sketi ilikuwa imepigwa pasi hadi marinda yakasimama wima. Soksi zilikuwa nyeupe. Mvulana wa dawati la mbele alimwangalia, akatangaza kwa darasa zima kwamba leo si siku ya sare. Kicheko kilianza pembeni, kikatambaa. Msichana alishika pindo la sketi yake kwa mikono miwili, akamtazama mwalimu badala ya kuwatazama wenzake.

"Mimi nimechagua hii, Mwalimu," alisema.

"Umechagua vizuri," mwalimu alijibu, akaanza somo.

Darasa liliendelea kwa nyimbo na hesabu za vidole, lakini neno hilo halikumtoka mwalimu akilini. Nimechagua. Lilikuwa ngao? Mama wa mtoto huyo, kama mwalimu alivyojua, hufulia watu nguo katika mtaa wa Section 9. Kutwa hushika mikononi magauni ya watoto wa wengine, huyasuuza, huyaanika na kuyapiga pasi, kisha huyarudisha. Haikuwa vigumu kudhani kwamba nyumbani kwake hakukuwa na gauni la kuonyeshwa Ijumaa, na kwamba mtoto alikuwa amejifunza mapema kuuita uhitaji kwa jina la hiari. Watu wazima hufanya hivyo kila siku. Husema hawapendi nyama.

Juma lililofuata mama huyo alikuja kulipa sehemu ya karo. Mwalimu alimkaribisha, wakazungumza kuhusu maendeleo ya mtoto, na mwishowe, kwa uangalifu, akaitaja ile Ijumaa. Alimhakikishia kwamba hakuna kosa lililotendeka. Mama alicheka kidogo.

"Nilimwekea gauni la dada yake, Mwalimu. Ni zuri, halijapasuka. Akakataa. Hiyo sare nilimlipa fundi kwa miezi mitatu, kidogo kidogo. Ndiyo nguo pekee ambayo haikuvaliwa na mtu mwingine kabla yake. Ukimwambia achague, atachagua hiyo."

Kumbe mtoto alikuwa amesema kweli. Alikuwa ameulizwa, akateua, na alichoteua ni kile ambacho wenzake walikuwa wakikikimbia kwa furaha. Kwao sare ilikuwa agizo la shule. Kwake ilikuwa kitu chake. Walimu na wazazi wanaobishana iwapo sare huua hiari au huleta usawa hawakuwa wamemhesabu mtoto wa namna hiyo, aliyeikuta hiari yake ndani ya sare yenyewe. Lakini ukweli wa jibu lake haukukifuta kile kicheko. Alikuwa ameteua kwa moyo wake, na bado akalazimika kujitetea mbele ya darasa, kwa sababu shule ilikuwa imeifanya siku ya hiari kuwa siku ya maonyesho. Erikson aliiweka aibu upande wa pili wa kujitawala. Asubuhi ile vyote viwili vilikuwa vimeshika pindo moja la sketi.

Suala hilo lilifika katika kikao cha walimu. Mmoja alipendekeza Ijumaa ile ifutwe, sare ivaliwe siku zote na mambo yaishe. Mwingine alipinga, akisema si haki kuwanyima watoto thelathini furaha kwa ajili ya mmoja. Wa tatu aliuliza kama kweli ni mmoja, akawataja watoto wanne ambao kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi hupatwa na homa nyumbani na kupona Jumatatu. Kimya kilitanda. Hakuna aliyekuwa amezihesabu homa hizo.

Uamuzi uliofikiwa haukugharimu pesa. Mwalimu wa PP2 alikwenda kwa mafundi wa soko la Jamhuri, akaomba vipande vya vitambaa vinavyobaki wanapokata nguo: vitenge, drili za sare za shule mbalimbali, pamba yenye maua, hariri ya gauni la harusi. Alivikata mraba, akavipinda kingo, akavijaza katika kikapu. Kila Ijumaa, siyo ya mwisho wa mwezi pekee, watoto huja na sare zao kama kawaida, kisha hupita mmoja mmoja mbele ya kikapu, kila mmoja akateua kipande atakachobanwa kifuani kwa pini, pale ambapo watoto wa chekechea hubanwa leso. Wanaopita kwanza wiki hii hupita mwisho wiki ijayo, ili kusiwe na mwenye kamera daima wala mwenye fagia daima. Jioni vipande hurudi kikapuni. Sheria ni moja tu: hakuna kumwuliza mwenzako kwa nini ameteua alichoteua, isipokuwa kwa kutaka kujua.

Si kusudi la makala haya kudai kwamba kikapu cha vitambaa kinaondoa umaskini. Sweta yenye viraka ingali na viraka. Lakini kikapu kile kimetenganisha mambo mawili ambayo Ijumaa ya zamani ilikuwa imeyachanganya, yaani kuwa na vitu na kuwa na uamuzi. Mtoto asiyekuwa na nguo ya pili huteua sawasawa na mwenye kabati. Huchukua muda kama wenzake, hugeuza vipande, hubadili nia, na mwisho husimama nyuma ya uamuzi wake siku nzima. Msichana wa ile sketi ya marinda, kwa mfano, hajawahi kuchukua kipande cha hariri. Siku zote hutafuta drili ya kijani iliyo kama ya sare yake, na wenzake wamekwisha kuizoea kiasi cha kumwachia.

Kuhusu bibi wa Makongeni, swali lake bado lingali na uzito, na jibu lake linapatikana katika kuliuliza kinyume. Siku nguo itakapokuwa moja, ni mtoto yupi atakayeivaa bila kuvunjika moyo? Huenda ni yule aliyezoea kunyamaza. Lakini aliyefunzwa kwamba hiari haimo katika wingi wa nguo ana nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa hata nguo ikiwa moja atakuwa na la kuamua: akunje mikono ya shati au aiteremshe, aanze kifungo cha juu au cha chini, aivae kwa kununa au kwa kuipenda. Mzazi mwenye shati moja la kumpa mwanawe anaweza kumwachia alivae mwenyewe, hata kama dakika tano zitapotea na kifungo kitaingia tundu lisilo lake. Anayemnyang'anya mtoto kifungo ili kuokoa dakika hizo hulazimika kumfunga kesho tena, na kesho kutwa.

Mwezi Juni, baridi ilipoanza kuuma, bibi alimtuma mkaza mwanawe na mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na kofia mbili za sufi alizozifuma kwa mkono, moja nyekundu na nyingine ya kijivu, zote za kichwa kile kile kidogo.

"Mbili, Mama?" mkaza mwana aliuliza.

"Uzi ulibaki," bibi alijibu, akageukia jiko lake.

Mvulana alivaa ile ya kijivu. Hakuna aliyemwuliza sababu.

Wanafunzi na walimu wa Kiswahili huzoea kuwafundisha wengine tofauti baina ya kauli ya kutenda na ile ya kutendwa kwa mifano ya ubao: Juma alivaa shati, Juma alivikwa shati. Huwa tunasahihisha viambishi na kuhamia zoezi linalofuata. Wengi wetu tutakuwa wazazi, na wengi zaidi tutasimama mbele ya madarasa ya watoto wa watu wengine. Hapo tutakumbana na sentensi hizo zikiwa hai, zimevaa soksi zisizolingana, zikisema zitafanya zenyewe. Samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli. Lakini mtoto si samaki, na mkono unaomkunja hauna budi kujifunza pia wakati wa kumwachilia. Tusimwachie kabati zima akazama, wala tusimpokonye hata kifungo. Tumwekee mawili anayoyaweza, tungojee, na akishateua tumwache atoke nje ya mlango akiwa amevaa.